Ukoko mweupe kwenye birika na mashine ya kahawa: dawa gani, kiasi gani

SWALI: Assalamu alaykum. Niko Unguja na maji yetu ni ya kisima. Birika langu la umeme la lita 1.7, la stenlesi, nina miezi minane nalo tu, lakini chini limeota ukoko mweupe mgumu kama saruji na vipande vyake vinaelea kwenye chai. Siku hizi linajizima kabla maji hayajachemka. Mashine yangu ya kahawa ya matone nayo inatoa mvuke mwingi na kuacha nusu ya maji kwenye tangi. Jirani mmoja ananiambia nitie jiki nichemshe, mwingine anasema nichanganye siki na magadi soda. Nimekwangua kwa kisu, haukutoka. Nitumie nini, kiasi gani? Na ukoko huu una madhara kwa figo?

JIBU: Wa alaykumu salaam. Kisu kiweke kando, na jiki isiingie kwenye birika hata tone. Birika lako linahitaji ndimu ya unga, gramu 30 kwa lita moja ya maji ya uvuguvugu, likae bila kuchemshwa. Mashine ya kahawa inahitaji siki nyeupe. Vyombo viwili, dawa mbili, na sababu yake iko kwenye joto, tutaifikia.

Kwanza tujue kilichoganda ni nini, maana ukishakijua hutadanganyika tena na dawa za mtaani. Unguja imekaa juu ya jiwe la matumbawe. Maji ya mvua huchukua hewa ukaa kidogo angani na nyingi zaidi kwenye udongo wenye mizizi na majani yanayooza. Hapo yanapata ukali mdogo, na yakipenya chini yanalila jiwe taratibu na kuondoka nalo likiwa limeyeyuka. Kisimani huoni kitu, maji ni maangavu. Ukiyapasha moto, hewa ukaa inatoka kwa vipovu, maji yanakosa nguvu ya kulishikilia jiwe, nalo linarudi kuwa jiwe: kalsiamu kaboneti. Kwa hiyo kilicho chini ya birika lako ni kitu kilekile kilichojengewa kuta za Mji Mkongwe. Kisu hakiwezi kukitoa bila kukwaruza stenlesi, na kila mkwaruzo ni mahali papya pa ukoko kushika. Jiwe hili linaondoka kwa asidi na kwa subira.

Linarundikana haraka kuliko watu wanavyodhani. Maji huhesabiwa kuwa magumu sana yakizidi miligramu 180 za kalsiamu kaboneti kwa lita. Chukua mfano wa maji ya miligramu 300 na nyumba inayochemsha lita 5 kwa siku: gramu 1.5 za jiwe zinapita kwenye birika kila siku, gramu 45 kwa mwezi. Si zote zinazoganda, nyingi zinabaki ndani ya maji na kwenda na chai. Lakini hata ikiganda robo tu, ni gramu 11 kwa mwezi, na kwa miezi minane unakaribia gramu 90. Ikumbuke hesabu hiyo, kwa sababu ndiyo itakayokwambia kwa nini mkupuo mmoja wa dawa hautatosha.

Kuhusu figo, vipande vinavyoelea kwenye chai havina sumu. Ni kalsiamu na magnesiamu kidogo, madini ambayo mwili unayapata pia kwenye chakula. Shirika la Afya Duniani halikuweka kikomo cha ugumu wa maji kwa sababu za kiafya. Mawe mengi ya figo ni ya kalsiamu oksaleti, kitu tofauti na ukoko wa birika, na kipande ulichomeza hakiendi kukaa kwenye figo kama kilivyo. Tumboni kinakutana na asidi kali kuliko siki na kinayeyuka. Aliyekwisha kuugua figo afuate maneno ya daktari wake kuhusu maji na chumvi. Kwa wengine wote, ubaya wa ukoko ni kwa chombo na kwa ladha.

Na kwa chombo ubaya wenyewe ni huu unaouona. Chini ya bamba la birika kuna koili, na jirani yake kuna kipande chembamba cha metali mbili zilizobanwa pamoja. Joto likizidi kiwango, kipande kinapinda na kukata umeme. Kimewekwa ili kuliokoa birika lililowashwa tupu. Ukoko haupitishi joto vizuri kama chuma, kwa hiyo bamba linaungua chini ya blanketi la jiwe wakati maji juu yake bado hayajachemka. Kipande kinadhani birika ni tupu, kinakata. Birika lako halijaharibika, linajilinda. Ukiendelea kulilazimisha hivyo kwa miezi, ama kipande hicho kitachoka au koili itaungua, na hapo hakuna dawa.

Kuna watu watakwambia pia kwamba ukoko unakula umeme sana. Kwa birika la umeme hilo limekuzwa. Koili imebanwa chini ya bamba, na joto lake karibu lote halina pengine pa kwenda ila kwenye maji. Linachelewa kidogo tu. Lita moja ya maji ya nyuzi 25 kwenye birika la wati 2000 huchemka kwa karibu dakika 3, na ukoko mwembamba haubadilishi muda huo kiasi cha kuuona kwenye luku. Safisha kwa ajili ya uhai wa koili.

Sasa kazi. Ndimu ya unga ni asidi ya sitriki, fuwele nyeupe kama sukari, inauzwa kwenye maduka ya viungo na vifaa vya kutengenezea juisi na achari. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kinabeba karibu gramu 4, cha chakula karibu gramu 13. Kwa gramu 30 weka vijiko viwili vya chakula na kimoja cha chai.

Chomoa birika kwenye umeme na liache lipoe. Ligonge kidogo kwa kiganja likiwa limepinduliwa, umwage vipande vilivyoachia vyenyewe. Kila gramu inayotoka hivyo inakuokolea dawa. Tia ndani maji ya moto na maji ya bomba kwa kipimo cha moja kwa mbili, yaani kikombe kimoja cha yaliyochemka kwa vikombe viwili vya baridi, upate lita moja ya nyuzi 50 hivi. Nyunyiza ndimu ya unga kidogo kidogo, si yote kwa pamoja. Itatoa povu, kwa sababu jiwe linapoyeyuka linairudisha ile hewa ukaa, na ukimwaga gramu 30 kwa mara moja juu ya ukoko mnene povu litapanda hadi kwenye mdomo wa birika. Kifuniko kiwe wazi. Povu likitulia, ongeza maji mpaka yafunike ukoko wote uliopanda ukutani, na kwa kila nusu lita unayoongeza tia gramu nyingine 15.

Liache nusu saa hadi saa moja. Usiliwashe.

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu maelekezo yanayozunguka kila mahali ni tia ndimu ya unga, chemsha, mwaga. Asidi ya sitriki ikilila jiwe inazaa kalsiamu sitreti. Chumvi hiyo haiyeyuki vizuri kwenye maji, na kinyume na chumvi nyingi, maji yakizidi moto ndivyo inavyozidi kukataa kuyeyuka. Ukichemsha kwenye birika lenye ukoko mwingi, unaondoa jiwe moja na kuotesha jingine papo hapo: utando mweupe laini unaoshika kama rangi ya ukuta na ambao siki ya kawaida inauondoa kwa shida. Kwenye ukoko mwembamba kama ukungu hutaona tatizo, dawa iko nyingi kuliko jiwe. Kwenye birika la miezi minane utaliona.

Kwa sababu hiyohiyo usiiache dawa usiku kucha ukidhani muda mrefu ni bora. Gramu 30 za asidi ya sitriki, kwa hesabu ya kemia, zinaweza kumaliza gramu 23 za kalsiamu kaboneti. Kwa vitendo usitegemee zaidi ya nusu ya hapo kabla sitreti haijaanza kutulia chini. Vipovu vikikoma kuna maana mbili: ama jiwe limekwisha au dawa imekwisha. Kujua ni ipi, chota kijiko kimoja cha maji hayo kwenye kikombe na utupie punje chache za magadi soda. Yakifoka kwa nguvu, dawa bado ina ukali na jiwe ndilo lililokwisha. Yakinyamaza, mwaga, tia mpya. Maji yakianza kuwa kama maziwa, usisubiri kipimo, mwaga mara moja.

Kwa birika lako tarajia mikupuo mitatu hadi mitano, kutegemea vipande vingapi vitaachia vyenyewe katikati ya kazi. Mara nyingi baada ya mkupuo wa pili ukoko unalegea kutoka chini na kunyanyuka kwa mabamba, hapo kijiko cha mti kinatosha kuusukuma. Kitambaa kinatosha kumaliza. Steelwool isitumike.

Madoa ya rangi ya kutu yanayobaki ni madini ya chuma yaliyo kwenye maji ya kisima, na ndimu ya unga inayaondoa pia. Rangi za buluu na zambarau zinazong'aa kama mafuta juu ya maji ni utando mwembamba mno wa madini juu ya stenlesi, hauna neno. Ila kama kipande cha ukoko hakifoki hata kidogo ukikitupia kwenye siki safi, basi si kaboneti. Huenda ni jasi au udongo mwembamba wa kisima ulioungua, na asidi haitausaidia. Hapo dawa ni kuloweka kwa maji ya moto na kusugua kwa brashi ya nailoni.

Ukimaliza suuza mara mbili, chemsha birika zima la maji na uyamwage, kisha onja maji ya mkupuo unaofuata. Yakiwa na uchachu, chemsha na umwage tena. Kitako chake na plagi visiguse maji wakati wote huu. Pangusa nje kwa kitambaa kilichokamuliwa. Maji ya dawa mwaga kwenye sinki au chooni na mengi ya kawaida yafuate. Usiyamwage kwenye sakafu ya tarazo au saruji wala kwenye ukuta wa chokaa, yatakula hapo kama yalivyokula ukoko. Na kabla ya kulirudisha kazini angalia kile kitundu au mfereji wa mvuke ulio juu karibu na mpini. Mvuke unapita hapo kwenda kwenye swichi inayolizima maji yakichemka. Kikiziba kwa ukoko, au kifuniko kisipofunga sawasawa, birika linachemka bila kujizima.

Siki inafanya kazi kwenye birika pia, nusu siki nyeupe ya asilimia 5 na nusu maji. Nusu lita ya siki ina takriban gramu 25 za asidi, na uwezo wake kwa jiwe unakaribia gramu 20. Tatizo ni harufu. Inaingia kwenye mpira wa kifuniko na sehemu za plastiki na kukaa siku kadhaa, na ukiichemsha mvuke wake unaumiza macho na koo. Siki ya kahawia isitumike, ina rangi.

Ndimu mbichi? Juisi ya ndimu ina asidi ya sitriki kiasi cha asilimia 5, na ndimu moja ya wastani inatoa kama mililita 30. Ili upate gramu 30 za asidi unahitaji ndimu 20. Kwa ukoko wa wiki mbili ndimu tatu zinatosha. Kwa wako, acha zile ndimu ziende kwenye pweza. Ukwaju unasafisha shaba vizuri sana, lakini asidi yake kuu ikikutana na kalsiamu inatengeneza chumvi nyingine isiyoyeyuka, kwa hiyo kwenye ukoko wa birika unachelewesha tu.

Na mashauri ya majirani. Jiki inaua vijidudu na kung'arisha nguo, lakini haigusi jiwe. Ukiichemsha kwenye stenlesi klorini yake inatoboa chuma vitundu vidogo. Kibaya zaidi, jiki iliyobaki ikikutana na siki au ndimu inatoa gesi ya klorini, na jikoni penye dirisha dogo gesi hiyo inaweza kumpeleka mtu hospitali. Siki na magadi soda vikichanganywa vinatoa povu zuri la kutazama, ila povu hilo ni hivyo viwili vinavyomalizana. Ukali wa siki umeliwa na magadi, kilichobaki ni maji ya chumvi. Kuna pia wanaotumia dawa za vyoo zenye asidi ya haidrokloriki, na hata maji ya betri. Hapana, kabisa, kwa chombo chochote kinachogusa kinywaji.

Sasa mashine ya kahawa. Mashine nyingi za matone hazina pampu. Maji yanashuka kutoka kwenye tangi kwa uzito wake, yanapita kwenye kivalvu kidogo kinachoruhusu upande mmoja tu, yanaingia kwenye bomba jembamba la alumini lililofungwa pamoja na koili chini ya sahani ya kuwekea jagi. Yakichemka ndani ya bomba, mvuke unayasukuma juu kwenye kahawa. Ukoko ukikaza bomba hilo, maji machache yanapata moto mwingi, ndiyo mvuke unaouona. Ukikaa kwenye kivalvu, hakifungi, na mvuke unarudi kwenye tangi badala ya kusukuma maji juu. Kidhibiti joto kinaona bomba limezidi moto, kinakata, na nusu ya maji inabaki.

Humo ndani huwezi kukwepa kuchemka, ndiyo kazi yake. Ndimu ya unga ingeacha sitreti mahali ambapo huoni wala hufikii kwa kidole. Siki haina shida hiyo, kwa sababu chumvi inayotokana nayo, kalsiamu aseteti, inayeyuka vizuri kwenye maji ya moto na ya baridi. Baadhi ya dawa za watengenezaji zinatumia asidi ya laktiki kwa sababu hiyohiyo, na ukiipata ni bora kuliko siki kwa kuwa haina harufu.

Changanya siki nyeupe sehemu moja na maji sehemu mbili, ujaze tangi. Kisha usiwashe. Kwa kuwa tangi na bomba vimeungana, maji yanatafuta usawa wake na dawa inajaa kwenye bomba bila umeme. Iache ikae baridi saa moja. Wengi wanaruka hatua hii kwa haraka, nayo ndiyo inayofungua bomba lililoziba. Halafu weka chujio la karatasi tupu ili lishike vipande, washa, acha ipite robo ya tangi, zima. Subiri dakika 20. Washa tena, robo nyingine, zima, subiri. Malizia iliyobaki. Kama mtiririko bado ni mdogo rudia kwa dawa mpya, si ile iliyopita. Mwisho pitisha matangi mawili au matatu ya maji matupu. Mpira wa ndani unashika harufu, na kahawa ya kwanza baada ya hapo huenda ikafaa kumwagwa.

Usiongeze nguvu ya siki ukidhani utaharakisha. Bomba ni la alumini, na alumini inaliwa na asidi. Saa moja mara moja kwa mwezi haina madhara, usiku kucha unayo.

Hilo la alumini ndilo la kukumbuka pia kwa wenye kile kibirika cha Italia cha kupikia kahawa juu ya jiko, ambacho Alfonso Bialetti alikitoa mwaka 1933 na mpaka leo kingi kinatengenezwa kwa alumini. Sehemu ya chini itie maji ya uvuguvugu na kijiko kimoja cha chai cha ndimu ya unga, dakika 10 hadi 15, umwage na kusuuza. Ikigeuka kijivu cheusi, umeiacha mno. Haina hatari, ila pika kahawa moja uimwage. Muhimu kuliko weupe ni valvu ya usalama, kile kichwa kidogo cha shaba ubavuni. Ukoko ukikigandisha, mvuke ukizidi hauna pa kutokea. Kwenye vingi kuna kijiti katikati, kisukume kwa ncha ya kalamu. Kama hakichezi hata baada ya kuloweka, badilisha sehemu hiyo kabla ya kukirudisha motoni. Na maji ya kahawa yasifike juu ya valvu.

Dele la shaba, lile birika la kahawa, lina mambo yake. Ndani limetiwa bati, na bati hilo ndilo linaloitenga kahawa na shaba. Nje lisugue kwa ukwaju au ndimu na chumvi upendavyo, usuuze. Ndani usitie asidi kama unaona wekundu wa shaba umejitokeza: asidi itayeyusha shaba na kuiacha kwenye kinywaji, na dele la namna hiyo litiwe bati upya kwanza. Bati likiwa zima, siki iliyochanganywa na maji mara tatu, dakika 5, inatosha.

Kwenye chupa ya chai tumia ndimu ya unga kijiko kimoja cha chakula na maji ya uvuguvugu, saa moja, lakini kifuniko kisikazwe. Hewa ukaa ikikosa pa kutokea inajenga shinikizo, na chupa ya kioo inaweza kupasuka. Rangi ya kahawia iliyoshikamana na ukoko huo ni ya majani ya chai yaliyokutana na kalsiamu. Huo ndio utando unaoelea juu ya chai ya rangi katika nyumba zenye maji ya kisima, na ndiyo sababu ukikamulia ndimu kikombeni utando unatoweka. Kwa mafuta ya kahawa kwenye jagi na chujio la waya, kinyume chake: asidi haifui mafuta. Hapo ndipo magadi soda yanapopata kazi, kijiko cha chakula kwa lita ya maji ya moto, nusu saa, kisha sabuni ya vyombo. Alumini usiitie magadi.

Baada ya kusafisha, suala ni maji unayotia. Vichujio vya kauri vinavyouzwa kwa maji ya kunywa vinazuia uchafu na vijidudu. Ugumu unapita kama ulivyo, kwa sababu umeyeyuka. Jagi la kuchujia lenye punje za kubadilishana madini linapunguza, mpaka chujio lake lichoke. Lakini nyumba nyingi za Unguja tayari zinachemsha maji ya kunywa kwenye sufuria kubwa, na hapo suluhisho liko jikoni bila gharama. Yachemshe dakika 5 au zaidi, yaache usiku yatulie, asubuhi yateke kwa juu bila kutibua chini. Sehemu kubwa ya jiwe imebaki kwenye sufuria, na sufuria haina koili ya kuungua. Hayo tia kwenye birika na kwenye tangi la mashine. Maji ya mvua yaliyovunwa juu ya bati safi, baada ya mvua za kwanza kuliosha, hayaachi ukoko kabisa. Yachemke tu kama maji mengine.

Kahawa nayo itakushukuru. Bikaboneti iliyo kwenye maji magumu, yaani lile jiwe likiwa limeyeyuka, inaimaliza ile asidi laini ya matunda ambayo kahawa ya Kilimanjaro au ya Nyeri inanunuliwa kwa ajili yake, na kikombe kinakuwa chapwa hata kama kahawa ni nzuri. Wapimaji wa kahawa wanapenda ugumu uwe kati ya miligramu 50 na 175 kwa lita. Ukichanganya nusu ya maji ya kisima yaliyotulizwa na nusu ya mvua utakuwa karibu na hapo.

Ukiendelea na maji ya kisima bila kuyatuliza, safisha birika kila wiki mbili au tatu kwa kijiko kimoja cha chakula cha ndimu ya unga, dakika 20, na mashine mara moja kwa mwezi. Ukiyatuliza, miezi miwili hadi mitatu. Zaidi ya kalenda, pitisha kidole chini ya birika likiwa kavu: weupe ukifutika, bado; usipofutika, siku imefika. Maji yaliyobaki usiku usiyaache ndani. Na birika likiendelea kujizima mapema hata baada ya bamba kuwa safi na kung'aa, kile kipande cha metali mbili kimechoka. Kwenye mabirika mengi fundi anaweza kukibadilisha pamoja na kitako, ila ukiona maji yanavuja chini karibu na mahali pa umeme, usilipeleke kwa fundi, litupe.